Gita la Kwenye Gunia

Mwalimu Acidri alifundisha gita kwa mdomo. Kikundi chake cha WhatsApp kilikuwa na watu arobaini na mmoja, kutoka Arua mpaka Koboko, na hakuna aliyewahi kumsikia akigusa uzi. Alituma ujumbe wa sauti: "Tin, tin, ti-tin. Kidole ya kwanza hapo. Sasa wewe." Ukimuuliza gita lake liko wapi, alijibu, "Iko safari," na somo likaendelea.

Wengine walinong'ona kwamba hajui kupiga. Lakini hawakuondoka, maana kila aliyemfuata aliweza. Na humo ndani hakuchekwa mtu. Ukituma wimbo uliokatika vipande vipande, ulipata makofi thelathini, na Ritah wa Aroi, ambaye naye alikuwa bado anahangaika, alikuandikia: "Jana ilikuwa mbaya zaidi. Endelea."

Mogga aliingia mwezi wa pili. Alikuwa fundi wa kuziba matairi ya bodaboda pale Koboko mjini, na vidole vyake vilikuwa vimekomaa kweli kweli. Gita alilipata sokoni kwa mtu asiyemjua, kwa kubadilishana na mbuzi. Mtu yule alikuwa na haraka, Mogga naye hakuuliza maswali. Akalitia kwenye gunia la mihogo, akaenda nalo nyumbani.

Sasa, mbuzi alikuwa wa Paska, mkewe.

Paska hakupandisha sauti. "Baba Keji," alisema, "mpaka Krismasi. Upige wimbo moja, mwanzo mpaka mwisho, bila kusimama. Ukishindwa, gita inarudi soko na mbuzi yangu inarudi nyumbani." Kisha akaendelea kuchambua maharage. Mogga alimjua mkewe. Ile haikuwa hasira, ilikuwa sheria.

Jumapili akatuma sauti yake ya kwanza. Ilikuwa mbaya, tuseme ukweli. Makofi yakaja vilevile. Mwalimu tu, ambaye kwa kawaida alijibu kabla hujaweka simu chini, alikaa kimya siku mbili.

Siku ya tatu akaandika: "Uzi ya tano usikaze sana. Kigingi yake iko ya mti. Itapasuka."

Mogga akaenda kutazama. Kweli bwana, vigingi vyote vya kukazia nyuzi vilikuwa vya chuma isipokuwa cha tano, kilichochongwa kwa kisu, kirefu kuliko vingine. Akawaambia wenzake. Wakastaajabu: sikio gani hilo linalosikia mti ndani ya simu? Tangu siku hiyo hakuna aliyesema tena kwamba mwalimu hajui.

Miezi ikaenda. Wengine mwalimu aliwauliza habari za vidole. Mogga alimuuliza habari za gita. "Jana ililala wapi? Usiegemeze kwa ukuta. Huko kwenu mvua iko?" Mogga alidhani ndivyo anavyoulizwa mwanafunzi anayependwa, na moyo wake ukajaa. Alifanya mazoezi kati ya tairi na tairi. Wenye bodaboda walilalamika, kisha wakazoea, kisha wakaanza kuitikia.

Mwezi wa kumi na moja akakwama. Ulikuwa wimbo wa kanisani, mwepesi, lakini kila akifika katikati vidole vinagoma. Wiki tatu, pale pale. Akaandika kwenye kikundi kwamba asanteni, yeye amechoka, Jumatatu gita linarudi sokoni na mbuzi atafutwe.

Ujumbe ukamiminika. Ritah alituma sauti yake akikosea mahali pale pale, mara nne, ili Mogga asijione yuko peke yake. Mwalimu hakuandika. Alipiga simu, kwa mara ya kwanza.

"Usiuze," alisema. "Nakuomba."

Hakuwa mtu wa kuomba. Mogga aliona aibu, akasema hatauza.

Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi mwalimu akawaalika wote nyumbani kwake Manibe. Walikuja na magita yao, wakasalimiana kwa namba za simu kabla ya majina. Mogga alifika na gunia lake limelowa mvua, na nyuma yake Paska, aliyekwenda kuketi mbele kabisa, mikono ameikunja.

Zamu yake ikafika. Akapiga. Alipofika katikati, Ritah alifumba macho. Vidole vikapita. Vikaenda mpaka mwisho, taratibu, bila kusimama, na makofi ya safari hii yalikuwa ya viganja.

Paska alifikiri kidogo. "Sawa," alisema. "Mbuzi ilienda mahali mzuri." Mogga akajifanya anafuta jasho, lakini alikuwa analia kwa furaha. Gita lilikuwa lake sasa.

"Lete nishike," mwalimu akasema.

Akalipokea bila kulitazama. Akakigusa kile kigingi cha mti kwa kidole gumba, kisha akapiga wimbo uleule, mara moja tu. Hata Paska akakunjua mikono. Alipomaliza alisema ni saa ya chai, akaingia ndani nalo.

Alitoka nalo tena, mkono wa pili amebeba kasha jeusi lililofutwa vumbi, akalifungua mbele ya Mogga. Kitambaa chekundu cha ndani kilikuwa kimebonyea kwa gita lililokaa humo miaka mingi, na pembeni palikuwa na tundu dogo lililokatwa kwa kisu. Gita la kwenye gunia lililala humo likaenea sawasawa, na kigingi kirefu kikaingia kwenye tundu lake.

Mwalimu akafunga kasha, akalitia mikononi mwa Mogga. "Usibebe tena na gunia," alisema. "Hii iko inaogopa mvua tangu zamani."