Chungu cha Kizingitini

Brashi ya Chausiku iligota kwenye chungu, chini kabisa ya kizingiti cha nyumba ile ya kale. Kilikuwa chungu kidogo, kimefunikwa kwa kigae na kuzibwa kwa udongo. Alama ya kidole cha aliyekiziba bado ilionekana.

"Hongera, binti!" Profesa Mbelwa alipiga makofi juu ya shimo. "Wenzako wanasota hawapati hata kigae cha maana. Hiyo ndiyo shahada yako ya uzamili. Kitoe tukifungue."

Chausiku hakuinua uso. Kwao, mtoto akifa kabla ya kupewa jina hapelekwi makaburini. Huwekwa chunguni akazikwa kizingitini, mama yake awe anamruka kila aingiapo na atokapo, hadi mtoto aione njia ya kurudi tumboni. Mama yake Chausiku aliruka mwaka mzima, ndipo akamzaa yeye. Hadi leo akifika nyumbani huambiwa mlangoni, "Ruka, mwanangu, usijikanyage."

"Profesa," alisema, "hiki si cha kufungua. Humu mna mtoto."

"Basi ndiyo bora zaidi!" Profesa alipiga magoti ukingoni, akanyoosha mikono. "Nipe."

Chausiku alikichimbua taratibu, akakiinua, akakiweka kifuani. Mikono ya profesa ilingoja hewani. Yeye alibaki amesimama shimoni, kiganja kimeikinga shingo ya chungu, kama apakatwavyo mtoto ambaye shingo yake haijakaza.