Hodi Kwenye Dashibodi

Fundi Shekue alikuwa amekagua gesi, mkanda na kompresa, na vyote vilikuwa vizima. Hata hivyo, kiyoyozi cha gari la Bi Zamzam kilitoa baridi kilipotaka na kuzima kilipotaka. Mnunuzi alikuwa anakuja alasiri, na alishasema gari lisilo na baridi hataki hata kuliona.

"Bi Zamzam, kikizima hivi marehemu mumeo alikuwa akifanyaje?" fundi aliuliza, kichwa kimezama chini ya dashibodi.

"Hakikuwahi kuzima," alijibu mama huyo kutoka kiti cha abiria, alikokaa miaka yote. "Enzi zake nilikuwa najitanda khanga kwa baridi."

Fundi akacheka. "Huku kuna waya umelegea, na si wa leo wala jana. Ukigonga hapa juu, unashika." Akagonga mara mbili kwa kifundo cha kidole. Baridi ikatoka.

Bi Zamzam alipatazama pale alipogonga fundi. Kila joto lilipowazidi njiani, mumewe aligonga pale pale, mara mbili, akasema, "Hodi," naye akamwitikia, "Karibu." Miaka kumi na tisa alidhani ni utani wao tu.

"Niukaze kabisa?" fundi aliuliza, akijitoa nje.

"Hebu uache kwanza, baba."

Baridi ikakata tena. Bi Zamzam akahamia kiti cha dereva, akagonga mara mbili.

"Hodi," alisema taratibu, kisha akakigeukia kiti alikotoka, akangoja.