Punje Juu ya Mtutu

Nyati aliyejeruhiwa na mwindaji Lubango bado alikuwa amejificha karibu na kisima cha mji, na akina mama hawakuthubutu kwenda kuteka maji.

"Nipe risasi nzito kuliko zote," Lubango alimwambia Bi Zamoyoni, muuza risasi.

"Juzi ulimpiga kwa ipi?"

"Hiyohiyo nzito. Ikampata pajani."

Bi Zamoyoni akaitwaa bunduki, akatia ganda tupu la risasi kwa siri. "Nimeweka nzito. Lenga gunia la mchanga pale uani."

Lubango akafyatua. Bunduki ikalia ka! tu, lakini mtutu ulikuwa umeshainama, na Lubango alikuwa amefumba macho.

"Risasi nzito hupiga bega teke, mwanangu. Unaliogopa kabla halijakufika." Akamsogezea risasi ya kichwa chepesi. "Hata hii humlaza nyati, ukimpiga penyewe."

Lubango akalipapasa bega lake lililovilia damu, akacheka kwa aibu. "Nifundishe, Bi."

Bi Zamoyoni akaweka punje ya mahindi juu ya mtutu. "Fyatua. Isianguke."

Ikaanguka. Ikaanguka tena. Kisha, ka! Macho ya Lubango yalikuwa wazi, na punje ikatulia palepale.

Mama mmoja aliyekuwa akichungulia mlangoni akaanza kusokota kata ya kubebea ndoo.