Pampu Kubwa

Hebu niambie, ukisikia maji yakinguruma na mvua haijanyesha, utauliza au utakimbia?

Nabei, yaya, alikimbia. Alimnyakua mtoto wa mhandisi kutoka mkekani, uji ungali kidevuni, akapanda naye mbio hadi kwenye kilima cha mawe nyuma ya nyumba. Watu wa Lodwar wanajua: mvua hunyesha mbali huko milimani, na mto uliokauka huja ukinguruma chini ya jua kali.

Alingoja maji. Hayakuja. Alikuja mhandisi, mikono ikimdondoka maji ya chumvi hadi viwikoni.

"Mama Nabei, kwani samaki wamekuuma? Ni pampu tu, naijaribu."

Sebuleni mhandisi alikuwa na tangi la kioo, na ndani yake samaki na matumbawe kutoka kwao Mombasa. Pampu ya zamani ilikuwa imeungua, na matumbawe yasipopata maji yanayotembea hufa. Alikuwa amenunua mbili, kubwa na ndogo. Asubuhi alimuuliza Nabei wachague ipi, maana yeye ndiye anayeshinda nayo. Nabei alijibu, "Ile unapenda, bosi."

"Basi tubaki na hiyo kubwa," mhandisi alisema, akinyoosha mikono ampokee mtoto.

Vidole vya Nabei vilikataa kufunguka. Vilikuwa vimeng'ang'ania kifundo cha mguu mdogo, kama vilivyong'ang'ania kingine, cha mwanawe, mwaka juzi, mto Kawalase ulipofurika, mpaka kikateleza.

"Hapana," alisema. "Mimi nataka ile ndogo."