Kifungo Kisicho na Matundu

Kila asubuhi binti humchagulia baba yake, fundi cherehani, vifungo vya mashati, ndipo cherehani ianze kuimba. Leo alichukua kimoja cheupe kutoka kwenye kopo, akatafuta tundu la kupitisha uzi, asilione.

Kilikuwa kidonge. Chini yake vilijaa vingine.

Akamgeukia baba. Mguu wake ulikuwa juu ya stuli, kidole gumba kimevimba na kuiva kama pilipili. Jongo, ule ugonjwa wa viungo, lilikuwa limemrudia.

"Baba, umeacha dawa za hospitali?"

"Nimezificha humo mama yako asinisumbue. Za nini tena? Si wewe msomi wetu uliyesema vitunguu vyekundu na machungwa vinashusha hiyo asidi ya damu? Nimekula vitunguu mpaka wateja wanasimama mlangoni kwa harufu, nawapima kwa macho!"

Akacheka, kicheko kikakatwa na maumivu.

Binti aliona uso ukimchoma. Aliporudi kutoka chuoni alimsimulia habari za utafiti huo kwa furaha. Watafiti wenyewe walisema "huenda", lakini baba alikuwa ameshaanza kumsifia kwa kila mteja, naye akaona haya kumkatiza.

Sasa kidonge kilikuwa kinalowa jasho kiganjani mwake.

"Haya, nipe vifungo, mwanangu."

"Baba, funga duka twende kwa daktari," alisema. "Nilimaanisha uongeze vitunguu, si uache dawa. Mimi bado najifunza. Usijifanyie majaribio kwa ajili yangu."