Namba ya Zamani

Baada ya miezi mitatu bila laini, fundi alikuja kumfungia Tatu simu ya nyumbani ya intaneti, tena yenye namba mpya.

"Ile ya zamani ameshapewa mteja mwingine, mama. Hairudi."

"Mwanangu aliyepotea anaijua hiyo tu," alisema Tatu. "Nilimkaririsha kabla hajajua kusoma."

Fundi alikuna kichwa, akasema pole, akaondoka.

Tatu akaipiga ile namba yake ya zamani. Alipokea mwanamke, nyuma yake vyombo vikigongana jikoni.

"Samahani, dada. Akipiga kijana anaitwa Shomari, mpe namba yangu mpya," alisema Tatu, akamtajia tarakimu moja moja.

"Ana kigugumizi?" aliuliza mwanamke.

"Ndiyo! Ndiyo, ndiye!"

"Uwii, dada yangu. Alipiga Jumanne, nikamwambia amekosea namba. Akapiga tena, nikamfokea. Nilidhani mhuni tu."

"Alipiga kwa namba gani?"

"Simu hii haionyeshi."

Tatu alikaa sakafuni. Alitaka kuuliza sauti yake sasa ikoje, kama imekuwa nzito.

"Basi kata, dada," alisema. "Kata upesi, asije akakuta laini ina watu."

Akabaki na mkonga wa simu kifuani, masikio yake yote yakiwa kwenye jiko la mtu asiyemjua.