Elektroni ya Sita

Wiki moja baada ya kumzika binti yake, Baba Siwema alifika shuleni kuchukua madaftari ya marehemu. Mwalimu Chausiku alimkabidhi, kisha akawasha kompyuta aliyokuwa akiitumia Siwema.

"Kuna na hii, Baba Siwema."

Kwenye kioo kilitokea kiini chenye protoni sita, na elektroni tano zikikizunguka taratibu. Ya sita ilikuwa bado imekaa pembeni, ndani ya kisanduku.

"Ndiyo nini hii?"

"Atomu ya kaboni. Kila mwanafunzi hujenga ya kwake. Kengele ililia akiwa amebakiza elektroni moja, akasema ataiweka kesho."

Baba Siwema akavuta kiti. "Naweza kumwekea?"

Mwalimu akamwelekeza: bonyeza, buruta, achia. Mkono uliozoea randa na msumeno ukashika kipanya. Elektroni ikasogea mpaka ukingoni mwa duara.

"Nikiachia, ndiyo atakuwa amemaliza?"

"Ndiyo. Atakuwa amemaliza."

Kengele ya mapumziko ikalia, watoto wakamwagika uwanjani kwa kelele. Elektroni tano ziliendelea kuzunguka. Kidole cha Baba Siwema kilikuwa bado kimebonyeza.